Lango Waliloingilia Askari

Saa moja kasorobo asubuhi, tarehe tisa ya mwezi wa kumi, muuza makaa Tong alipiga yowe mlangoni kwa mzee Bai, muuza vitabu wa Beijing. Bai alikuwa ameinamia meza yake, kisogo kimepasuka. Jiwe lake la kusagia wino lilikuwa sakafuni, na wino umetapakaa hadi ukutani. Mwili ulikuwa bado na joto.

Saa tatu Tong alikuwa ndani ya mnyororo. Hakimu alitaka maungamo yake kabla ya saa sita, ili jina lake liingie katika orodha ya wauaji wa msimu ule. Walioingia humo walitolewa mjini kupitia Lango la Kutangaza Ushujaa, wakakatwe vichwa.

Xing Dabao, mkuu wa askari wa wilaya, alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alisimama Lango la Utulivu akizuia watu, kikosi cha mpakani kilipokuwa kikiingia kwa ngoma. Hata hivyo aliukagua mlango wa Bai mara mbili.

"Vidole vyako vimeacha masizi nje ya mlango tu," alimwambia Tong. "Ndani hamna hata doa."

"Sikuingia, afande. Nilichungulia tu. Mimi ngamia wangu mwenyewe ananishinda, nitamuua nani?"

"Jana mligombana."

"Kila mteja hugombana nami. Wanasema makaa yangu yana mawe." Tong akashusha macho. "Yanayo kweli."

Alibaki Fei Yanqing, msomi kutoka Suzhou, mpangaji wa Bai kwa miezi miwili. Alisema amelala hekaluni, kaskazini nje ya ukuta. Xing alimkuta anakunywa chai.

"Umerudi saa ngapi, bwana mwalimu?"

"Saa mbili. Ningefika mapema, jeshi likaziba lango. Hukusikia ngoma? Watu wa kaskazini mnalala kama magogo!"

"Nilizisikia. Ulisubiri lango gani?"

"La Ushindi wa Wema. Nimekula vumbi la farasi wao nusu saa nzima."

"Una hakika ni hilo?"

"Afande, wewe husomi? Jina limechongwa pale juu. Washindi wapite wapi tena?"

Xing alivuta kiti akaketi. Magoti yalimuuma.

"Jeshi hutoka mjini kwa lango hilo, bwana Fei. Linakwenda kuutafuta huo ushindi. Likirudi, huingia kwa Lango la Utulivu, maana vita vimekwisha. Mtoto yeyote wa hapa atakwambia. Leo wameingia kwa Utulivu. Nilikuwapo, mmoja wao kanikanyaga mguu."

Fei aliweka kikombe chini. "Basi nimechanganya malango."

"Hukuchanganya. Hukuwa kwenye lango lolote. Ulizisikia ngoma ukiwa ndani ya mji, mengine ukayatoa kwenye jina. Vua kanzu."

Fei hakusogea. Askari wawili wakamvua. Ndani ya mkono wa kulia wa kanzu, wino na damu vilikuwa vimegandana.

"Alikufanya nini yule mzee?" Xing aliuliza.

"Alijua kwamba mtihani wangu wa mkoa ulifanywa na mtu mwingine. Jana aliapa kwamba asubuhi atawaandikia watahini. Sikwenda hekaluni. Kulipokucha nikamkuta kweli anasaga wino."

"Ungevuliwa cheo, ukarudi kwenu."

"Kwetu wapi? Jina langu limebandikwa mlangoni kwa baba, kwenye karatasi nyekundu ya waliofaulu. Nani angelibandua, majirani wakitazama? Baba?"

"Na Tong je? Ungemwacha akatwe kichwa?"

"Sikumtuma aje mapema."

Xing alimwandikisha maungamo, akamwekesha alama ya kidole, akayapeleka kwa hakimu mwenyewe. Hakimu aliyasoma mara mbili, akauliza kuhusu malango, akalitaka jina la kamanda wa kikosi awe shahidi. Xing akalitaja.

Saa sita kasorobo Tong alifunguliwa mnyororo.