Kiboko Mwenye Sketi

Jua lilikuwa linazama Mama Pamba alipotoka kwenda duka la dawa. Binti yake alikuwa kitandani, midomo imemkauka, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Daktari alimpima akasema mapafu ni mazima kabisa. Mazima! Mtoto kalala chali anahema kama aliyepanda mlima, huo uzima ni wa nani?

"Nenda urudi upesi," alisema bibi wa mtoto, aliyekaa kando ya kitanda. "Namshika mkono hapa. Ila sikufichi, mwanangu... mkono wenyewe unapoa."

Wanamwita Mama Pamba kwa sababu nywele zake hazikosi pamba. Hushona wanyama wa kitambaa, lakini si wale uliowazoea. Twiga wake ana shingo fupi na skafu ndefu. Mamba wake huvaa nguo za kulalia na anaogopa maji. Watu wazima huja kuwanunua, wakisingizia watoto.

Mnyama wa kitambaa hushonwa ndani nje, kisha hupinduliwa kupitia tundu dogo la tumboni. Miguu hubaki imejikunja humo ndani, haitaki kutoka. Mafundi wengine huichokoa kwa kijiti. Mama Pamba alimwachia binti yake apulize. Mtoto huweka mdomo kwenye tundu, fuuu! Miguu inachomoka, nao wanacheka mpaka mbavu zinauma. Baada ya hapo ni pamba na sindano, basi.

Ndivyo walivyomshona kiboko wa yule mteja. Bwana mmoja mpole, kucha safi, ananuka nguo zilizofungiwa sandukuni. Alikuja na kitambaa chake mwenyewe, mahameli ya kijivu, na mchoro wa kiboko mwenye sketi ya maua. Mtoto alipokuwa anapuliza, bwana yule aliinama akamnong'oneza, "Mpe yote, mwanangu. Mpe yote." Mama Pamba alicheka. Mteja akataka tundu lizibwe pale pale, naye akaliziba. Jioni ile ile mtoto akaanza kukohoa.

Sasa Mama Pamba alikuwa anarudi na chupa ya dawa, akakata njia kwenye uchochoro wa nyuma ya maghala. Harufu ndiyo ilitangulia. Nguo za sandukuni.

Akasimama.

Dirisha moja la chini lilikuwa wazi. Ndani, kwenye rafu, alimwona kiboko wake na sketi yake. Tumbo la kiboko lilipanda... likashuka.

Likapanda... likashuka.

Kwa taabu, na filimbi nyembamba mwishoni. Filimbi hiyo aliijua. Alikuwa akikesha nayo.

"Mpe yote," alijisemea. Hapo ndipo alipoelewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: hakupiga hodi, alipanda dirishani na gauni lake, chupa ikamponyoka ikavunjika.

Ndani kiza kilishaanza kutanda. Akanyoosha mkono kwenye rafu. Mahameli. Sketi. Mkono ukagusa mwingine kando yake. Mahameli, sketi. Na mwingine... na mwingine...

Mungu wangu! Walijaa rafu nzima, na wote walikuwa wanahema.

Mafundi wangapi waliletewa mchoro ule? Watoto wangapi walipuliza? Alipapasa mishono akitafuta ile ya mkono wake, lakini mahameli humeza uzi.

"Chagua," sauti ilinong'ona.

Mteja alikuwa kwenye kiti pembeni, muda wote ule.

"Mmoja tu," alisema. "Sikulazimishi."

"Wangu ni yupi? Nakuomba, baba. Nakupigia magoti!"

"Mama hajui pumzi ya mwanawe?"

Aliweka sikio kwa huyu, akaweka kwa yule. Wote walipiga filimbi. Alilia kwa sauti, hakuona haya. Kisha mmoja akakohoa, kikohozi kidogo cha mtoto anayejizuia. Huyo huyo! Alimvuta, akazikata nyuzi kwa meno, akaweka mdomo kwenye tundu na kuvuta. Kitu cha baridi kikamjaa mashavuni, kikitapatapa.

"Usifungue mdomo mpaka umfikie," mteja alimwambia.

Alikimbia. Pale kona fundi viatu alikuwa anakusanya vitu vyake.

"Mama Pamba! Habari za jioni?"

Alitikisa kichwa tu, hakupunguza mbio.

"Makubwa! Leo hata salamu inauzwa?"

Hakuweza hata kuguna. Machozi yalimtiririka, akampita. Ndipo nyuma yake, kutoka uchochoroni, sauti ndogo ikaita.

"Mama... umeniacha. Nisubiri."

Ilikuwa sauti ya binti yake, haina kasoro. Janja ya yule bwana, alijiambia, anataka nifungue mdomo. Akabana midomo mpaka ikauma, akaongeza mbio.

Alimkuta bibi analia, amemfunika mtoto mpaka kidevuni. Alimsukuma kando, akaweka mdomo juu ya mdomo wa mwanawe, akapuliza yote.

Kifua kikainuka. Mashavu yakapata damu. Mtoto alihema vizuri, bila filimbi, akafumbua macho.

"Amerudi!" bibi alipiga vigelegele. "Jamani, amerudi!"

Mtoto alimtazama bibi. Akamtazama Mama Pamba. Taratibu akajisogeza mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mwanangu. Ni mimi hapa."

"Hapana," mtoto alisema kwa adabu, kama anayeongea na mgeni. "Mama yangu ni mrefu."

"Ni homa hiyo," bibi alisema huku anacheka na kufuta machozi. "Mshukuru Mungu, mtoto kapona! Sasa unakwenda wapi?"

Mama Pamba alikuwa keshafika barabarani, miguu mitupu, anakimbia kurudi alikotoka. "Nakuja, mwanangu!" alikuwa anapiga kelele. "Nisubiri, nakuja!"