Anayeongeza Maji

Hili lilimpata rafiki yangu Koleo, fundi magari, na Koleo si mtu wa porojo. Anayemcheka ashuke yeye kwenye lile shimo la gereji.

Alishuka mchana kweupe kutafuta rejeta ya pikapu inavujia wapi. Pikapu ililiziba shimo lote, giza tupu. Shemeji yake alibaki juu na ndoo.

"Shem, ongeza maji!"

Maji yakamiminwa. Tone, tone, yakamdondokea shingoni.

"Ongeza tena!"

Yakamiminwa tena. Simu yake ikaita. Shemeji.

"Nimekimbilia dukani kununua mpira wa rejeta. Usihofu, mlango nimeupiga kufuli, hakuna atakayeingia."

Koleo akatega sikio. Juu ya kichwa chake, kifuniko cha rejeta kilikuwa kinafungwa, taratibu, mpaka kikabana.