Jembe la Ijumaa Jioni

Nina umri wa miaka arobaini na jicho moja. Kwetu ni karibu na Ikonge, na mimi si mtu wa safari. Hata sokoni mke wangu hunisukuma. Msidhani basi kwamba jicho nililipotezea vitani... Nililipotezea nyuma ya jiko langu, miaka michache baada ya Uhuru!

Siku hizo nilikuwa shemasi. Kazi niliyoipenda mno ni kuwakemea waliokutwa wakifanya kazi Ijumaa baada ya jua kutua, Sabato ikiwa imeingia. Nilikuwa mkali, jamani!

Ijumaa moja jembe langu likachomoka mpinini. Jua lilikuwa limeshatua. Mapigo mawili tu, nani ataona? Nikajificha, nikapigilia kabari ya chuma kwa kisogo cha shoka. Pigo la pili, kitu kikanichoma jicho la kulia... kama mchanga wa moto!

Mke wangu akaja mbio. "Baba Kemunto, umefanya nini?"

"Jani la mgomba limenichapa."

Kesho yake uongo huo tulikwenda nao zahanati. Tabibu akaniuliza mara mbili: ulikuwa ukigonga chuma? Mke wangu kasimama pale pale. Ningesema nini? Nikashikilia mgomba wangu. Nikapewa dawa ya kupaka, maumivu yakaisha, nami nikamshukuru Mungu kwa kunifichia siri!

Kumbe... Mwaka uliofuata ukungu ukaingia jichoni. Nikawa nachuma chai pamoja na vijiti vyake.

"Baba Kemunto, unataka watu wanywe kuni?" mke wangu akanitania.

Nikacheka. Lakini nilipofunika jicho zima, nilimwona yeye kama moshi. Nikanyamaza... miaka miwili!

Mwishowe akaniburura hadi Kisii. Daktari akapiga picha ya eksirei, akatuonyesha chembe ndogo kuliko punje ya wimbi.

"Ni chuma. Kimeota kutu humo ndani. Ungesema mapema tungekitoa. Sasa jicho limekufa."

Nikamweleza mke wangu yote. Nilingoja anikaripie. Akalia.

"Jumapili ile nililima kwa jembe lile," akasema. "Ijumaa mchana lilikuwa likicheza mpinini, na sasa lilikuwa limekazwa kwa kabari mpya. Nilijua... nikanyamaza nisikuaibishe."

Wasomaji wenzangu, daktari akikuuliza ulikuwa ukigonga nini, mwambie, hata kama kanisa zima limesimama mlangoni! Ushemasi niliulinda kwa jicho langu, kisha nikauacha kwa aibu.

Jembe lenyewe? Halijachomoka hata leo.