Sikitu Anatafuta NDU

Kaeni vizuri. Anayesukuma mwenzake hapati ukoko.

Hadithi hii ni ya kweli. Chumvi niliyotia ni kijiko kimoja tu.

Kule Ifakara, kwenye mpunga mwingi kuliko nywele za kichwani, aliishi msichana mdogo. Aliitwa Sikitu.

Sikitu alikuwa na miaka sita. Na pengo moja, hapa mbele.

Alikuwa na dada yake, Dada Tausi. Mrefu kama mgomba!

Kila Jumamosi walitwanga mpunga pamoja. Kinu kimoja, michi miwili.

Dada Tausi alishika mchi mkubwa. Ukishuka, NDU!

Sikitu alishika mchi mdogo. Ukishuka, ti!

*NDU, ti! NDU, ti!*
*Pumba nenda, mchele baki!*

Michi ilipokezana. Haikugongana hata siku moja.

Kuku walicheza. Bata walitikisa mikia. Niliona kwa macho yangu haya, yote mawili.

Siku moja Dada Tausi alifunga begi. Alikwenda Mtwara, kusomea uuguzi.

"Mtwara ni mbali?" Sikitu aliuliza.

Mbali! Unapanda basi. Unashuka. Unapanda basi lingine. Unalala. Unaamka. Hujafika!

Jumamosi ikaja. Sikitu akashika mchi wake.

ti!

Akasubiri. Kimya.

ti! Kimya.

ti... ti... ti...

Kuku hawakucheza. Bata walikaa chini, wakanuna.

Mama akatoka jikoni. "Mwanangu, huo mpunga tuupeleke mashineni. Utakobolewa mara moja."

"Mashine haiimbi, Mama. Inapiga kelele tu."

"Na wewe unataka wimbo?"

"Nataka wa Dada. Jana usiku nilijaribu kuikumbuka sauti yake. Ikaja nusu tu."

Mama akachuchumaa. Akamfuta pua kwa pindo la kanga.

"Haya," akasema. "Katafute mtu wa NDU."

Hapo akatokea mjomba wake. Mjomba mwenye nguvu. Mjomba mzuri wa sura.

Mjomba huyo ni mimi.

"Shikamoo, Mjomba. Unajua kutwanga?"

"Marahaba! Nani, mimi? Mimi nilitwanga mpaka kinu kikaomba maji ya kunywa!"

Nikashika mchi mkubwa. Nikatema mate viganjani. Ptu!

NDU! NDU! NDU! NDU!

"Mjomba! Niachie nafasi ya ti!"

"Nafasi ya nini? Shujaa hapumziki!"

NDU! NDU! NDU! NDU!

"ALAAA! MAMA WEEE!"

NDU ya mwisho haikuingia kwenye kinu. Iliingia kwenye kidole changu cha mguu.

Kidole kikavimba kama boga. Haya, haya, kama nyanya.

Sikulia. Macho yalitoka jasho tu.

Sikitu akasubiri. Bado hakuna NDU ya kupokezana na ti.

Mara akapita jirani, Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa hana haraka. Hata kivuli chake humtangulia.

"Shikamoo, Bibi. Nisaidie kutwanga."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete mchi. Mimi sina makelele kama huyo mjomba wako."

Akainua mchi. Juuuu...

Akapita mtu na baiskeli.

"Hujambo, baba?" akauliza Bi Mwanjaa, mchi uko juu.

"Sijambo, Bibi. Shikamoo!"

"Marahaba. Mama hajambo? Watoto hawajambo? Na yule mbuzi aliyevunjika pembe, hajambo?"

ti! akatwanga Sikitu. ti, ti, ti, ti, ti, ti!

"Mbuzi hajambo, Bibi."

NDU! Mchi ukashuka.

Bi Mwanjaa akainua tena. Juuuu...

Akapita muuza maandazi. Uwii, watoto! Muuza maandazi ana ndugu kumi na saba!

Na Bi Mwanjaa aliwaulizia wote. Mmoja mmoja.

Mchi ukabaki juu. Ndege akaja na jani mdomoni, akitaka kujenga kiota.

Sikitu akalaza mchi wake chini. Akakaa kando ya kinu.

"NDU ya Mjomba ni ya Mjomba," akasema. "NDU ya Bibi ni ya kesho kutwa. Mimi nataka NDU ya Dada."

Chozi likateremka. Likaingia kwenye lile pengo.

Mimi, mwenye maneno gunia zima, nikampangusa shavu tu. Hapo sijatia chumvi.

Sikitu akafumba macho. Akasikiliza.

Sauti ya Dada ikaja. Nusu tu.

Sikitu akavuta pumzi. Akajaza tumbo. Akafungua mdomo.

"NDUUU!"

Uwiii! Sauti nzito hiyo! Sauti pana! Imetoka kwa mtoto wa kimo cha ndoo!

Bata mmoja akaanguka chali.

Sikitu akafumbua macho. Hata yeye alishangaa.

Akaokota mchi wake mdogo. Akajaribu tena.

"NDU!" ukasema mdomo.

ti! ukasema mchi.

*NDU, ti! NDU, ti!*
*Pumba nenda, mchele baki!*

Na ile nusu nyingine ya sauti ya Dada ikaja mbio, kama kuku aliyeona mahindi.

"Ameingia!" Sikitu akapiga kelele. "Mama, Dada yumo humu kwenye wimbo!"

Kuku wakacheza. Yule bata akainuka, akatikisa mkia.

Mimi nikacheza kwa mguu mmoja. Niliwashinda wote wenye miwili.

Bi Mwanjaa naye akatikisa mabega. Taratibu. Bega la kulia leo, la kushoto baadaye.

*NDU, ti! NDU, ti!*
*Pumba nenda, mchele baki!*

Mara simu ya Mama ikalia. Krii, krii! Mama akaipokea, akaweka spika.

"Haloo! Makelele gani hayo?"

Alikuwa Dada Tausi!

"Dada! Ninasema NDU yako kwa mdomo!"

Kule Mtwara Dada Tausi akacheka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sikitu, nikuambie siri? Kila asubuhi nafagia bweni. Ufagio unasema shwaa, shwaa. Naona kuna kitu kimepungua. Basi nasema ti."

"Wewe? Unasema ti yangu?"

"Ti yako. Shwaa, ti! Shwaa, ti! Wenzangu wananicheka kweli."

Sikitu akatabasamu mpaka pengo lote likaonekana.

Kisha akakunja uso. "Dada, usije ukaikosea. Hebu iseme."

"Ti."

"Siyo hivyo! Hiyo nene!"

"Ti."

"Bado! Iwe nyembamba!"

"ti!"

"Ehee! Hiyo hiyo!"

Sikitu akautazama mchi mkubwa. Akaushika kwa mikono miwili.

"Utauweza wewe?" nikamuuliza.

"Mjomba, wewe linda kidole chako."

Akauinua. Mzito! Ukapanda shibiri moja tu.

Ndu!

Ilikuwa NDU ndogo. Lakini ilikuwa NDU.

ti! ikajibu simu.

Mama akaisogeza simu karibu na kinu, asikosee Dada hata pigo moja.

*Ndu, ti! Ndu, ti!*
*Pumba nenda, mchele baki!*

Mpunga ukaisha. Mama akapepeta kwa ungo. Fyuu, pumba zikaruka.

Akapika wali wa nazi. Tulikula! Mimi peke yangu nilikula sahani tisa. Haya, tatu.

Jua lilipotua, Sikitu alikuwa amelala, punje moja ya wali iko kidevuni.

Alikuwa anakoroma. Mkoromo mzito, mpana, kama wa mtu mkubwa.

Hadithi yangu imeliwa yote, sahani nyeupe. Aliyeshiba alale. Aliyebaki macho, aoshe vyombo!