Masharti ya Hashimu

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa za asubuhi hauna adabu. Utakanyagwa, utasukumwa na mkokoteni, na hakuna atakayekuomba radhi. Hapo ndipo Hashimu alipochagua kusimama katikati ya njia, shati limepigwa pasi mpaka limekakamaa, akiulizia bafta, kitambaa cheupe cha sanda, kwa Kiswahili cha vitabuni. Shadya, mwenye duka, alikuwa ndani ya dera la zambarau, mtandio begani. Aliposikia mteja anataka jora zima, alishika kifua akampa pole ya msiba.

"Sina msiba," Hashimu alisema. "Ni ya kufunikia miili chuoni. Nasomea udaktari wa falsafa, kwenye anatomia."

"Kwa hiyo ukimaliza utatibu watu?"

"Hapana. Nitawafundisha watakaotibu."

"Basi umechagua vizuri. Wagonjwa wako hawalalamiki."

Hashimu alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, hilo lazima tumpe. Shadya akampunguzia bei bila kuombwa.

Mapenzi yakaanza. Kila jioni simu: Hashimu akimwita moyo wangu, Shadya akimuuliza moyo gani, wa kwenye vitabu vyake au wa kwake. Siku za Ijumaa Hashimu alikwenda Ilala kwa Bi Tatu, mama yake Shadya, akatoa shikamoo yake, akala pilau kama mtu aliyetoka kifungoni. Bi Tatu alimpenda. Akamuuliza washenga watakuja lini.

Hapo ndipo Hashimu alipoanza kutoa masharti. Kwanza amalize kozi na mitihani yake. Alipofaulu, pendekezo la utafiti lipitishwe na jopo. Likapitishwa, sasa makala mbili zichapishwe kwenye majarida. Baada ya hapo awafundishe wa mwaka wa kwanza katika ukumbi wa kupasulia miili, kisha tasnifu, kisha aitetee mbele ya watahini. Afadhali masharti ya mganga; mganga ukimpa kuku wake anaridhika. Violeth wa duka la jirani alisema wazi kwamba mwanamume anayeoa hatafuti kibali cha jopo. Shadya alimnunia wiki nzima.

Bi Tatu alifariki alfajiri ya Jumanne, ghafla, maziko yakapangwa alasiri ile ile. Shadya hakuwa na baba wala kaka. Alipiga simu, haikupokelewa, akaandika: "Mama ametutoka. Tunazika alasiri. Njoo umbebe mama yangu." Akawaambia wanawake waliokaa mkekani kwamba mchumba wake yuko njiani. Wakawa wanatazama mlango pamoja naye, mpaka jeneza likatoka na wapagazi wa sokoni na majirani, na wanawake wale wakajifanya wanatengeneza mitandio.

Hashimu alitokea baada ya isha, macho mekundu. Alisema simu haziruhusiwi ukumbini, watu wasije wakaipiga picha miili, kwa hiyo zinaachwa kabatini. Ujumbe ameuona jioni. Kanuni hiyo ilikuwepo kweli. Shadya alimnyima sauti yake mpaka arobaini ikapita, kisha akamsamehe, maana mtu anayependa anaamini haraka.

Hatimaye Hashimu akapita utetezi wa tasnifu. Alikuja dukani na suti ya kijivu, akamchukua Shadya mpaka Mnazi Mmoja, wakakaa kwenye benchi na juisi ya miwa.

"Washenga wanakuja Ijumaa," alisema. "Sasa hakuna sharti lililobaki."

Shadya alilia kwa furaha bila kujificha. Hashimu angenyamaza hapo, angeoa. Lakini msomi akishangiliwa kidogo hukosa breki.

"Tena siku ile ya mama nilikaribia kuharibu kila kitu," alisema. "Nilisoma ujumbe wako nikiwa mlangoni. Msimamizi wangu alikuwa anakuja kunikagua nikifundisha. Nikajikaza, nikaiweka simu kabatini, nikaingia. Leo tunavuna, mpenzi."

Akangoja asifiwe.

"Mlikuwa mnasoma nini siku ile?" Shadya aliuliza taratibu.

"Bega," Hashimu alijibu haraka, maana kuulizwa kulimpendeza siku zote. "Misuli ya bega."

"Wewe ulikuwa unawaonyesha watoto wa watu bega la maiti. Mama yangu nilimwombea bega moja tu, nikakosa."

Hashimu alianza kueleza: msimamizi angesafiri, ukaguzi ungeahirishwa, mwaka mzima ungepotea. Alieleza kwa mpangilio mzuri sana. Shadya akasimama, akakung'uta dera lake.

"Waambie washenga wasije."

"Shadya, nimetimiza kila kitu."

"Umetimiza. Hongera, Daktari."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo nje ya chuo, na Hashimu, Mungu amsamehe, alitabasamu kabla hajaelewa. Shadya alivuka kurudi Kariakoo akilia mbele ya watu. Alikuwa bado anampenda, na alijidharau kwa hilo kuliko alivyomdharau yeye. Alifika dukani, akamwambia Violeth kwamba alisema kweli kuhusu kibali cha jopo, kisha akawageukia wateja.