Ruka, Utarudi

Vumbi la mbao lilikuwa kila mahali katika nyumba ile. Lilikuwa juu ya redio, ndani ya viatu, na ukizubaa, hata ndani ya chai. Karakana ya Fundi ilipakana na jikoni. Fundi alitengeneza milango, na milango yake haikukwama wala haikupiga kelele.

Alikuwa na sheria moja tu. Aliirudia kila siku mpaka watu wakaichoka.

"Usiguse ubao wa pili kabla wa kwanza haujakwisha. Kazi nusunusu ni ya wavivu."

Binti yake alikulia ndani ya maneno hayo. Akianza kufua, hakuna wa kumbandua kwenye beseni. Akishika hesabu, chakula chake kinapoa. Ndiyo maana mama yake alimpachika jina la Gundi.

Jioni moja Gundi alirudi kutoka shuleni na karatasi ya hesabu ya mtihani wa majaribio. Aliiweka mezani, kisha akasogea mbali nayo kana kwamba ingemuuma.

Mama yake aliifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi, umejaa alama za vema. Wa pili ulikuwa na swali moja tu. Lilikuwa limefutwa, likarudiwa, likafutwa tena, mpaka karatasi ikatoboka. Kurasa zilizobaki zilikuwa nyeupe pe.

"Umefeli," mama alisema polepole.

"Nimefeli, mama."

"Na mtihani wenyewe ni wiki ijayo?"

"Wiki ijayo. Bila hesabu, chuo cha uuguzi hawanichukui."

Fundi aliingia akijipangusa mikono. Aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Haya ya mbele huyajui?"

"Nayajua, baba. Sikuyafikia."

"Muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

"Hili moja lilinigomea."

"Ungelikaba mpaka liachie!"

"Nililikaba, baba. Kengele ikalia."

Fundi akapandisha sauti. "Basi kuanzia leo hakuna kulala! Utasoma mpaka kukuche!"

"Hodi humu! Fundi, mlango wangu!"

Alikuwa jirani yao, mama mmoja aliyefundisha shule nyingine. Kila mwaka alikuwa akisimamia mitihani. Kila mtu alimwita Mwalimu. Mlango wa nyumba yake ulikuwa kwa Fundi, naye alikuwa akilala na pazia tu.

"Jana paka kaingia, kala samaki wangu, katoka bila hata kuniaga," alisema. "Mlango una tatizo gani?"

"Wako hauna tatizo. Unataka kitasa tu, ila bado sijaugusa," Fundi alijibu. "Nasumbuliwa na bawaba ya mlango wa mwenye duka. Nimeanza nayo tangu asubuhi. Nikiimaliza, nashika wako."

"Kwa hiyo bawaba ya mwenye duka ndiyo inayonilaza na pazia?"

Mama alicheka. Gundi hakucheka. Mwalimu akaiona karatasi mezani. Aliipitia ukurasa kwa ukurasa, na kicheko cha mama kikaisha.

"Fundi, mtoto huyu amefanya mtihani kama unavyofanya milango."

"Mimi nimeishia darasa la nne," Fundi alisema kwa ukali, "lakini hakuna mlango wangu uliorudishwa!"

"Hakuna, ni kweli. Lakini wewe ukishindwa leo, unaendelea kesho. Mtihani hauna kesho. Kengele ikilia, karatasi inachukuliwa, na mimi ni mmoja wa wanaozichukua. Nimewahi kumnyang'anya karatasi mtoto analia, majibu yote ya ukurasa wa mwisho yamo kichwani mwake. Msahihishaji haoni kichwa. Anaona karatasi nyeupe, anapita."

Akavuta kiti karibu na Gundi.

"Ukipewa karatasi, mwanangu, soma maelekezo. Kisha pitia maswali yote. Anza na unayoyaweza. Likikugomea, weka alama ndogo pembeni. Ruka, utarudi."

"Nikiruka naona kama nimeitupa kazi, Mwalimu."

"Hujaitupa. Umeiweka kando. Na kwenye ile karatasi ya kujazia majibu ya maswali ya kuchagua, ukiruka swali, ruka na mstari wake. Kijana mmoja aliruka swali, akaandika jibu la linalofuata kwenye mstari ule ule. Majibu yake yote yakahama. Alikuwa anajua, akafeli."

Gundi aliuliza, "Na kulala? Baba kasema nisilale."

Mwalimu alimgeukia Fundi. "Wewe unashika msumeno na usingizi machoni?"

"Thubutu! Nina vidole kumi, na vyote navitaka."

"Na yeye anataka kichwa chake chote. Mwache alale."

Kesho yake mama aliihamishia saa ya ukutani juu ya meza ya Gundi. Mwalimu alileta karatasi za mitihani ya zamani. Gundi akaanza kujipima.

Alifika kwenye swali gumu. Akaganda.

"Ruka," mama alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Gundi, ruka!"

"Nakaribia!"

Muda ukaisha. Kurasa za mwisho zilikuwa nyeupe tena. Gundi alibamiza kalamu mezani, machozi yakimlengalenga.

"Siwezi! Mkono unakataa. Nasikia sauti ya baba."

Dirisha lilikuwa wazi. Karakanani nyundo ilinyamaza. Fundi alikuwa bado anahangaika na bawaba ileile. Alisimama ameishika, hageuki. Kisha akauinua mlango wa mwenye duka, akauegemeza ukutani. Akaukokota ule wa Mwalimu, akaulaza mezani, akachukua patasi.

Gundi alikuwa amekodoa macho dirishani.

"Unanitazamia nini?" Fundi alifoka. "Saa inatembea!"

Gundi akachukua karatasi nyingine. Safari hii alifika ukurasa wa mwisho.

Jioni ya kuamkia mtihani, alipanga kalamu, rula na kadi ya namba ya mtihani kwenye mkoba. Akalala mapema. Asubuhi alikunywa chai na mkate kama siku zote. Alifika mapema, akaenda chooni, akaingia.

Hesabu ilipofunguliwa, aliyapitia maswali yote kama alivyofundishwa. Akaanza. Mambo yalikwenda vizuri, mara akafika kwenye pembetatu moja. Akaijaribu. Ikakataa. Akafuta. Ikakataa tena.

Mbele, nyuma, kila upande, wenzake walikuwa wanafunua kurasa. Msimamizi akatangaza kuwa nusu ya muda imepita. Gundi alishika kifutio kwa mara nyingine.

Hapo, akilini mwake, akauona ule mlango wa mwenye duka umeegemea ukuta.

Akaweka alama pembeni. Kuinua mkono kutoka pale kulimuuma, kama kubandua plasta. Akafunua ukurasa. Swali lililofuata alilijua. Na lile jingine. Na lile jingine.

Alimaliza ukurasa wa mwisho, ndipo akairudia pembetatu. Aliandika hatua mbili, kengele ikalia.

Baba yake alikuwa akimsubiri mlangoni mwa karakana.

"Umemaliza yote?"

Gundi alitazama chini. "Hapana, baba. Moja nimeliacha nusu."

Fundi alikuna kidevu. Vumbi likamwagika.

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Ingia ule."

Matokeo yalipotoka, Gundi alikuwa amefaulu hesabu vizuri, na chuo cha uuguzi kikampa nafasi. Fundi aliisoma karatasi ya matokeo mara mbili, akaigeuza hata nyuma.

"Mbona hawajaandika lile uliloliacha?"

"Hawaandiki, baba."

Mama na Mwalimu wakacheka. Fundi alirudi karakanani akitingisha kichwa. Mteja mmoja alikuwa anamngoja, amekunja uso.

"Fundi, dirisha langu vipi?"

"Limenigomea," Fundi alisema. "Nimeliweka kando, nafanya mengine kwanza. Nitalirudia."