Dobi na Mapipa ya Mvua

Dobi wa mtaa wetu tulimwita Povu. Povu alipenda maji ya mvua kuliko alivyompenda mama mkwe wake. "Haya hayali sabuni," alisema. Aliyakinga kwenye mapipa uani, na hakuyafunika. Aliamini maji yakifunikwa hayapumui, na yasipopumua, shati jeupe hunuka.

Mkewe alikuwa mjamzito. Mara akashikwa na homa. Macho yakamuuma, viungo kama vimetwangwa. Zahanati wakampima.

"Ni homa ya dengi," wakasema. "Tumlaze. Ni hatari kwake na kwa mtoto."

Nyumbani, Povu hakutulia. Akashika pasi, akaiacha. Akakaa, akasimama.

"Hodi!" Alikuwa mama wa afya wa halmashauri, akikagua mazalia ya mbu nyumba kwa nyumba.

"Nenda mtaroni, dada! Mbu wako huko. Sisi tunalala ndani ya chandarua, na mke wangu anaumwa vilevile!"

"Pole, kaka. Mbu wa dengi huuma mchana kweupe. Tena maridadi huyo, hupenda maji masafi kama yako."

Akachota kikombe kutoka kwenye pipa. Viluwiluwi wakacheza.

"Wadudu gani hawa?"

"Watoto wa mbu. Umewafuga mwenyewe."

Povu akainamia kikombe. "Kumbe mimi ndiye niliyemponza mke wangu?"

"Ulikuwa hujui. Mwaga, kisha sugua kuta za pipa kwa brashi. Mayai hung'ang'ania pembeni. Fanya hivyo kila wiki, halafu funika."

"Na maji yatapumuaje?"

"Funika kwa kitambaa kizito. Dobi mzima unakosa kitambaa?"

Povu akachukua shuka, lake, si la mteja. Akalikaza kwa mpira wa baiskeli. Mama wa afya akavuta ukingo.

"Hapo sawa. Lakini mbu wa jirani hajui ukuta."

Povu akatoka mbio, nyumba hadi nyumba. "Jamani, mwageni maji ya makopo! Funikeni ndoo!"

"Povu, halmashauri wamekuajiri lini?" wakamcheka.

"Leo! Haya, ndoo ile!"

Walicheka, lakini walifunika.

Mkewe alipona, akarudi nyumbani, akajifungua salama. Mama wa afya alipokuja tena kukagua, hakukuta kiluwiluwi hata mmoja. Akataka kumpongeza Povu kwa sauti. Povu akamziba mdomo kwa kiganja.

"Shii, dada! Mtoto ndiyo kwanza kalala."